Sola ya Ujerumani, nyumba ya Bombo

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waganda tulioko Ujerumani, habari ya sola haiishi. Kila anayejenga nyumbani anauliza: nifunge sola ya kuunganishwa na gridi, au niachane kabisa na Yaka, ile mita ya umeme ya kulipia kabla, nijitegemee? Wanaojibu ni makundi mawili. Kuna wenye hasira, wanaosema kata, umeme wa kule ni wa kuumiza roho tu. Na kuna wanaonakili wanachokiona juu ya mapaa ya majirani zao Wajerumani. Mimi siko na kundi lolote kati ya hayo.

Nianze na huku. Naishi Dortmund, nyumba ya kupanga, na nina paneli mbili nimezifunga kwenye vyuma vya roshani. Waya unaingia ndani, unachomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, basi, kazi imekwisha. Sheria inaruhusu inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, ya hadi wati 800 kwa mtindo huu, na tangu mwaka 2024 mwenye nyumba hawezi kumkatalia mpangaji bila sababu ya maana. Betri sina. Jua likiwaka, friji na intaneti vinatumia cha paneli, likizama vinatumia cha gridi. Wenye nyumba zao hujaza paa zima, na umeme unaobaki wanauuza, kwa kuwa tangu mwaka 2000 kuna sheria inayomhakikishia mwenye paneli bei kwa miaka 20. Bei yenyewe siku hizi si ya kumtajirisha mtu. Mtambo mdogo mpya hulipwa kama senti 8 kwa uniti, wakati uniti ya kununua inapita senti 30. Ndiyo maana jirani yangu wa chini, mstaafu mwenye paneli kama zangu, anafua nguo saa sita mchana jua likiwa kali, na anakutazama vibaya ukifua usiku.

Yote haya yanasimama juu ya jambo moja ambalo Mjerumani halioni kwa sababu amelizoea: umeme haukatiki. Kwa wastani mteja wa huku hukosa umeme kama dakika 12 kwa mwaka. Mwaka mzima! Mama yangu kule Bombo, Uganda, anaweza kuzimaliza hizo dakika kabla chai ya asubuhi haijachemka.

Nyuma ya nyumba yetu Bombo kuna nyumba nzuri ya kijana aliyeko Frankfurt. Alituma kontena lenye paneli zilizotumika, nyaya, vishikizo vya paa, na inveta ya kuunganishwa na gridi, mali safi ya Kijerumani. Fundi akafunga, ikawaka, picha zikatumwa Frankfurt. Nilikuwa nyumbani likizo umeme ulipokatika saa saba mchana, jua la utosi. Juu ya bati paneli zinameremeta, ndani feni imesimama. Mzee anayekaa humo akaniita: "Mwanangu, wewe unasoma Kijerumani. Hii kitu inasema nini?" Nikasogea. Kijitaa chekundu, na maneno mawili ya kusema hakuna gridi.

Hapakuwa na kilichoharibika. Inveta za aina ile zimetengenezwa zijizime zenyewe gridi inapozimika. Zikiendelea kusukuma umeme kwenye laini, fundi aliyepanda nguzo akijua laini imekufa anaweza kuuawa na umeme wa paa la mtu. Ni kanuni nzuri na sina ugomvi nayo. Lakini kwa nyumba ya Bombo maana yake ni kwamba sola inafanya kazi wakati umeme upo, na inalala wakati unaihitaji. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama paneli zinaweza kuuzwa.

Basi wenye hasira wakisikia kisa hiki husema, si unaona, jitegemee! Subiri kidogo.

Uganda si nchi inayokosa umeme wa kuzalisha. Owen Falls pale Jinja ilifunguliwa mwaka 1954. Bujagali ikaja na megawati 250 mwaka 2012, Isimba 183 mwaka 2019, na Karuma ya megawati 600 ikazinduliwa mwaka 2024. Shida iko kwenye kuufikisha: nguzo za mbao zilizooza miguuni, transfoma zilizowekwa mtaa ukiwa na nyumba chache na sasa zinabeba mtaa uliojaa, wezi wa mafuta ya transfoma na wa vyuma vya minara. Machi 2025 mkataba wa miaka 20 wa kampuni binafsi iitwayo Umeme uliisha na UEDCL, kampuni ya serikali, ikachukua usambazaji. Nguzo walizokabidhiwa ni zile zile, kwa hiyo sitegemei maajabu ya haraka, ila siwezi pia kujenga hesabu ya nyumba juu ya chuki.

Na hesabu ni hii. Nyumba ya mama ina friji, televisheni, balbu nane za LED, simu za kuchaji, pasi, na pampu ndogo ya kupandisha maji kwenye tangi. Tunazungumzia uniti nne kwa siku, tuseme 120 kwa mwezi. Kwa bei za mwaka 2025, uniti 15 za mwanzo zilikuwa shilingi 250 kila moja, zinazofuata zilipita kidogo 750, na ukivuka 80 bei ilishuka tena ili watu wapikie umeme. Weka na kodi, mwezi unaisha chini ya laki moja. Hicho ndicho anachotaka kukikata mtu kwa mamilioni ya shilingi. Hasira hasara.

Maana mtambo wa kujitegemea kabisa haupimwi kwa siku ya jua. Unapimwa kwa wiki mbaya ya Aprili au Novemba, mawingu siku tatu mfululizo, nguo hazikauki, na friji bado inataka chake. Nyumba ya uniti nne kwa siku inaishi vizuri na betri ya uniti tano kama Yaka ipo ya kuiokoa. Ondoa Yaka, unahitaji betri mara mbili au zaidi, na paneli za kuijaza upesi jua likichungulia. Hiyo nyongeza yote ni kwa ajili ya siku chache za mwaka. Mimi naona ni afadhali siku hizo uingize zile namba 20 za tokeni, ulipe elfu kumi, maisha yaendelee.

Kwa hiyo ninachowaambia wa kwetu ni inveta ya haibridi, yaani inayotumia paneli, betri na gridi kwa pamoja, betri ya lithiamu, paneli za kama kilowati mbili, na Yaka ibaki ukutani. Jua linatumika kwanza, betri inafuata, gridi ni ya mwisho. Fundi wetu aliipanga hivi: kukiwa na mawingu, Yaka inaruhusiwa kuingia betri ikishuka hadi asilimia 20, haiingii kabla. Pia alifunga boksi la pili la swichi kando ya lile la zamani. Taa, friji, televisheni na pampu viko upande wa betri. Pasi na hita ya bafuni, ambayo peke yake inameza kilowati tano, vimebaki upande wa Yaka moja kwa moja. Umeme ukikatika hakuna anayeoga maji moto ya bomba, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Dada yangu anauza juisi baridi na maji pale kibarazani, na friji yake ndiyo iliyonishawishi kuliko nadharia zote. Hata umeme ukiwepo, saa moja hadi saa tatu usiku mtaa mzima unapowasha kila kitu, volti zinaanguka na kompresa inaanza kuguruma vibaya. Siku hizi inveta ikiona volti zimeshuka inahamia kwenye betri yenyewe.

Betri za zamani za asidi, zikiwemo zile za jeli, bado zinauzwa kwa wingi na bei yake inavutia. Ukizitumia zaidi ya nusu mara kwa mara zinakufa mapema. Ukisikia mtu anasema sola haifai, ilikufa baada ya miaka miwili, mara nyingi paneli ziko salama juu ya bati, iliyokufa ni betri.

Wala usiige pembe za mapaa ya huku. Dortmund paneli inainuliwa sana na kutazama kusini kwa sababu jua liko chini, na Disemba linachungulia kama lina aibu. Bombo iko chini ya digrii moja kaskazini ya ikweta. Jua linapita utosini, Juni na Disemba karibu sawa, masaa 12 mwaka mzima. Mwinamo mdogo wa digrii 10 au 15 unatosha, kazi yake kubwa ni mvua kuosha vumbi. Fedha utakayookoa hapo itie kwenye nondo ya ardhini na kinga ya radi. Ukanda wa Ziwa Victoria una radi kali mno, nami huku Ujerumani sijawahi kumsikia mtu akiitaja.

Kuhusu kuuza ziada kama wanavyofanya Wajerumani: mtu akikuwekea mapato hayo kwenye hesabu, mwambie akuonyeshe nyumba moja mtaani kwenu inayolipwa.

Kujitegemea kabisa kuna mahali pake. Mjomba wangu yuko kijijini Koboko, huko West Nile, kaskazini magharibi ya Uganda. Nguzo ya karibu iko mbali, na eneo hilo lilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa. Pale hakuna mjadala. Alianza na sola ya mkopo, balbu nne na redio, unalipa kidogo kidogo kwa simu na ukichelewa inajizima yenyewe. Alipomaliza deni akaongeza paneli yake, halafu betri, halafu televisheni, na wanakijiji wakaanza kuja kutazama mpira. Hakuuliza Facebook.

Kitu cha mwisho ni fundi. Huku kampuni inafunga, inasaini, na ikiharibika unaandika barua. Kule unampigia mtu simu. Kwa hiyo chagua inveta ambayo vipuri vyake viko kwenye maduka ya Kampala na fundi wa karibu ameshaifungua kwa mikono yake, hata kama ya Ujerumani ni bora kwenye karatasi. Inunue huko huko mjini, mlipe fundi nusu kwanza, nusu baada ya kuzima Yaka mbele yako na friji ikaendelea kuunguruma. Kontena likibaki na nafasi, weka magodoro.