Watanabe Kazan: Je, Ni Brashi Iliyomponza?

Wapo wanaomtazama Watanabe Kazan, mchoraji wa Japani, kama samurai aliyeponzwa na sanaa, na hoja yao si ya kupuuzwa. Tangu mwaka 1832 alikuwa mmoja wa washauri wakuu wa milki ya Tahara, eneo la bwana aliyemtumikia, cheo kilichomtaka aelekeze akili yake yote kwa bwana wake. Yeye aliendelea kuchora, akazoeana na wasomi wa elimu ya Kidachi, yaani maarifa ya Ulaya yaliyoingia kupitia lugha ya Kidachi, akaandika mswada wa kuukosoa utawala wa shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani nzima, baada ya meli ya Kimarekani, Morrison, kufukuzwa kwa mizinga mwaka 1837. Miaka miwili baadaye akakamatwa. Hata alipokuwa katika kifungo cha nyumbani huko Tahara, wanafunzi wake walimuuzia picha Edo, Tokyo ya leo, ili apate riziki, uvumi ukazagaa kwamba bwana wake angeadhibiwa kwa sababu hiyo, naye mwaka 1841 akajipasua tumbo.

Ukiyapanga mambo hivyo, brashi ndiyo iliyomchimbia kaburi. Lakini masimulizi hayo yameanzia katikati. Kazan alizaliwa Edo mwaka 1793 katika nyumba ya samurai hohehahe: baba mgonjwa, posho iliyopunguzwa kwa kuwa milki yenyewe ilikuwa taabani, wadogo zake wakitolewa mmoja mmoja wakalelewe kwingine. Alisimulia mwenyewe jinsi alivyomsindikiza mdogo wake hadi Itabashi theluji ikianguka, na mtoto yule, akiongozwa na mtu asiyemjua, akawa anageuka kila mara kumtazama kaka yake. Kazan alichora ili nyumbani kuliwe, akipamba taa za karatasi za sikukuu kwa malipo kiduchu. Anayesema alipaswa kuchagua kati ya wajibu na brashi amesahau kwamba wajibu wa kuwatunza wazazi aliutimiza kwa brashi hiyohiyo.

Zaidi ya riziki, uchoraji ulimzoesha kutazama. Katika michoro yake ya mwaka 1818 ya maisha ya Edo kuna darasa ambamo mwalimu ameshughulika na mwanafunzi mmoja huku wengine nyuma wakipigana na kucheza. Hakuna anayehubiriwa pale; kila mtoto ameonekana tu, na kila mmoja ana vituko vyake.

Ndiyo maana narudi tena na tena kwenye njaa kubwa ya miaka ya 1830. Tahara ilikadiriwa kuwa na pato la koku 12,000 tu, koku moja ikiwa takriban lita 180 za mchele. Kwa vipimo vya Japani ya wakati ule, ilikuwa milki ndogo sana. Mwaka 1835, kwa msukumo wa Kazan, ilijengwa ghala la akiba lililoitwa Hominso, na mavuno yalipoharibika mwaka uliofuata, kumbukumbu za milki zinasema hakuna aliyekufa kwa njaa. Hakuna! Shogun aliisifu Tahara kwa hilo, kisha utawala uleule ukamtia mbaroni mtu aliyelisimamia. Sidai kwamba ghala lilijengwa kwa wino. Ninachosema ni kwamba mshauri anayedaiwa kupoteza muda kwa picha alifanya kazi ya ofisi yake vizuri kuliko wengi wasiochora chochote.

Upande wa pili una silaha moja ambayo siwezi kuipokonya. Kabla ya kufa Kazan aliandika, kwa herufi kubwa na kwa jina lake la nyumbani, kwamba yeye Watanabe Noboru hakuwa mtiifu kwa bwana wala mwema kwa mzazi. Wanaomlaumu husema hayo ni maungamo. Mimi nikikumbuka kwamba mama yake alikuwa bado hai, na kwamba bwana wake ndiye aliyetajwa katika ule uvumi, nayasoma kama maneno ya mtu anayejitwisha lawama zote ili wao wawili wasiguswe.