Mmekwangua, hamjachimba

Juzi tulikuwa tumekaa tunapiga soga, rafiki yangu mmoja, tena msomi, akatoa hukumu: "Mirihi hakuna kitu. Wamepeleka mitambo, wamechimba, hawajaona hata mdudu." Wenzetu wakaitikia. Mimi damu ikanichemka.

Wamechimba? Curiosity, kigari cha utafiti cha Marekani, iko kule tangu 2012, na kekee yake inaingia mwambani sentimita 6 hivi. Laza vidole vitatu mezani uvitazame. Basi, uchimbaji wenyewe ndio huo! Tena kwenye ardhi inayopigwa usiku na mchana na mionzi ya anga inayoweza kuua viumbe, hewa ya kuikinga ni kiduchu. Aliyekwangua rangi ya mlango hajapekua nyumba, jamani.

Hebu tuje kwetu duniani. Mgodi wa dhahabu wa Mponeng, Afrika Kusini, kilomita 2.8 chini ya ardhi, watafiti walikinga maji yanayotiririka kwenye nyufa za miamba, wakayachuja. Majibu yaliyotoka 2008 yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 99.9 ya viumbe waliomo ni bakteria wa aina moja. Yupo peke yake gizani, joto nyuzi 60 hivi, jua halijui. Anakula nini? Urani iliyomo mwambani inatoa mionzi, mionzi inayavunja maji, haidrojeni inapatikana, naye anaitumia pamoja na salfeti, yaani chumvi zenye salfa. Jeni zake zinaonyesha hata kaboni na nitrojeni anaweza kujitafutia bila kumgongea mtu hodi. Wakamwita Desulforudis audaxviator, yaani, hilo jina la pili, msafiri jasiri. (Msafiri gani huyu asiyetoka ufani mwake?)

Sasa niambieni, Mirihi inakosa nini katika hivyo? Salfeti imejaa tele. Madini yenye mionzi yapo. Kama huko chini kuna maji, jiko limeshawashwa.

Haya, nakubali kwa shingo upande: kuishi kilindini si kuzaliwa kilindini, na huenda mababu wa huyu wetu walishuka kutoka juu. Na kekee chafu inaweza kubeba bakteria wetu wenyewe, tukashangilia ndugu zetu.

Na ndiyo, kuchimba kule ni kazi. InSight, chombo kingine kilichotua Mirihi, ilibeba kifaa walichokiita fuko, kama yule mnyama mchimba ardhi, kizame hadi mita 5. Fuko huyo alihangaika karibu miaka miwili, udongo ukakataa kumshika, Januari 2021 wakamwacha hapohapo mlangoni. Nilisikitika kama nafiwa. Lakini kushindwa kuzama ndiyo iwe ushahidi kwamba chini hakuna kitu?

Chombo cha Ulaya, Rosalind Franklin, kina kekee ya mita 2. Kilitarajiwa kuruka 2018, sasa wanasema 2028. Rafiki yangu nilimweleza yote haya. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kwani huyo bakteria wako, dhahabu yenyewe anaionaje?"