Tuanze na saa za kazi

Ndugu mwandishi, makala yako imezisifia kampuni za teknolojia zinazowapa vijana matunda na mazoezi ya bure ili wawe na afya. Sawa, ila naomba tuanze na saa za kazi.

Mimi nimeandika programu miaka mitatu kwenye ofisi moja hapa Arusha, pande za Njiro. Wateja wetu walikuwa California, na wao wakiingia kazini asubuhi, huku ni saa moja au saa mbili usiku. Kikao kinaanza wakati mwanangu anaogeshwa alale. Kesho yake saa mbili asubuhi natakiwa mezani tena. Nilikalia kiti cha plastiki chenye mto, Julai yote na baridi yake, mpaka vidole viwili vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi. Kikombe cha chai nikawa nakishika kwa mikono miwili.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Sisi tuliambiwa tujitolee. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani, 2021, ulionyesha kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40.

Ndugu mwandishi, ukirudi kwenye ofisi hizo, waulize vijana wanalala saa ngapi. Na uangalie viti, tafadhali.