Kipimo cha mkojo ni kizuri, lakini daktari wa kamera anaonewa

Mtu akitoka hospitali hapa Dar es Salaam ameandikiwa kupimwa kibofu kwa kamera, ndugu zake huwa wameshasoma mtandaoni kwamba kuna vipimo vya mkojo vinavyogundua saratani ya kibofu bila kuingiziwa mrija. Basi daktari anaambiwa amepitwa na wakati, au anatafuta hela. Nadhani anaonewa.

Vipimo vyenyewe si porojo. Seli za uvimbe hudondokea kwenye mkojo, na kuna njia kadhaa za kuzisaka. Ya zamani ni kuzitazama kwa hadubini: huiona vizuri saratani kali, lakini ile ya polepole mara nyingi huikosa. Za kisasa husaka protini au alama za vinasaba. Kimoja, Xpert Bladder Cancer, hutumia mashine ya GeneXpert, ileile ambayo hospitali zetu hupimia TB. Kwa hiyo anayesema mambo haya ni ya Ulaya tu hana hoja.

Na kamera si lelemama. Unalala chali, unapakwa jeli ya ganzi, mrija unapita kwenye njia ya mkojo, halafu siku moja au mbili haja ndogo inachoma. Saratani hii hupenda kurudi, hivyo mgonjwa wa hatari kubwa hupigwa kamera kila miezi 3 kwa miaka 2 ya mwanzo. Kwa anayetoka Kilwa, kila mara ni nauli na kulala kwa ndugu Mbagala.

Ila tujiulize: kipimo cha mkojo kinasaka saratani ipi? Huko vipimo hivi vilikotengenezwa, karibu saratani zote za kibofu ni za aina ya urothelia, yaani inayoanzia kwenye utando wa ndani wa kibofu, na sigara ndiyo mchochezi mkubwa. Kwetu kuna kichocho. Tangu 1994 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, limeiweka minyoo ya kichocho cha mkojo kwenye kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani. Mayai yake hukwama kwenye ukuta wa kibofu, ukuta unavimba miaka na miaka, na mara nyingi kinachoota mwishoni ni saratani ya aina nyingine, skwamasi, yaani ya seli bapa.

Utafiti wa Mwanza uliochapishwa 2013 ulipitia wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu. Skwamasi walikuwa asilimia 55, urothelia asilimia 40 na ushee. Hebu itafakari namba hiyo. Kipimo kilichojaribiwa zaidi kwa wagonjwa wa urothelia kikisema "hakuna kitu", kwa zaidi ya nusu ya wale watu kingekuwa kinajibu swali la mtu mwingine. Mwanza si Dar, sawa. Lakini Dar ni mji wa nani? Hospitali za Muhimbili na Ocean Road hupokea wagonjwa wa nchi nzima, na Pwani yenyewe ina kichocho chake.

Upande wa pili nao una mtego. Vipimo vya protini kama NMP22 huweza kudanganywa na maambukizi au damu, na kibofu cha mwenye kichocho kina vyote viwili. Utaambiwa una dalili ya saratani, kisha urudi kwenye kamera uliyokuwa unaikimbia. Tena kamera ndiyo inayofungua njia ya kukata kinyama kwa ajili ya patholojia, yaani kuchunguzwa maabara, kujua kama uvimbe umeingia kwenye misuli. Chupa ya mkojo haitoi jibu hilo.

Wanaocheleweshwa zaidi, kwa macho yangu, ni wanaokojoa damu wakaambiwa "una UTI", yaani maambukizi ya njia ya mkojo, wakanunua antibiotiki ya sipro duka la dawa, damu ikakata. Damu ya saratani hii mara nyingi huja bila maumivu na huweza kukata yenyewe, ukidhani dawa imefanya kazi. Hawa hata kipimo cha kisasa hawajakifikia.

Yupo mtu mmoja ambaye ningemwachia kipimo cha kisasa cha mkojo kwa moyo mweupe: aliyekwisha kutibiwa, saratani yake ni urothelia ya polepole, na sasa anafuatiliwa tu. Huyo kamera zake zingeweza kupungua, kwa makubaliano na daktari wake. Lakini lazima awe na ile karatasi ya patholojia inayotaja aina ya uvimbe wake. Wengi hawaiombi, na wengine wameiacha kwenye faili la hospitali ya kwanza.