Balozi Wawili Ndani ya Gari Moja

Kwanza kabisa, sikulia. Mwenzangu wa chumba anaeneza kwamba nililia pale raundabauti ya Haile Selassie, na tangu jana kila anayenipigia simu anaanza kwa kukohoa. Lile lilikuwa jasho. Nisikilizeni mimi mwenye msiba, kisha mcheke mkiwa na habari kamili.

Utafiti wangu mnaujua, nimewachosha nao tangu mwaka jana. Uzamili, mikakati na uhusiano wa kimataifa, mradi wa kujitegemea. Kujitegemea maana yake hakuna darasa wala ratiba, kuna msimamizi anayejibu kurasa arobaini kwa neno moja: "Endelea." Mada yangu ni kususia mahakama. Kwa nini nchi iliyoshtakiwa inaamua kutokwenda? Marekani ilijitoa kwenye kesi ya Nikaragua mwaka 1985. China ilikataa katakata kushiriki kesi ya Ufilipino kuhusu Bahari ya China Kusini, iliyoamuliwa 2016. Na sisi wenyewe, Kenya, Machi 2021, tukasusia vikao vya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, kwenye ile kesi ya mpaka wa bahari ambayo Somalia iliifungua 2014. Nimekaa na faili hizi mpaka mama mboga akinitajia bei ya sukuma wiki namwekea pingamizi la awali.

Nilichokosa ni mtu aliyeyaona mambo haya kutoka ndani. Miezi minne nilibembeleza, nikampata balozi mmoja mstaafu, mzee wa Pwani, Kiswahili kimenyooka. Ana kikohozi chake maarufu, nilikijua kwenye televisheni: kabla ya kila sentensi, "khm-khm", halafu "mwanangu".

Usiku wa kuamkia mahojiano nikafanya mazoezi. Mtafiti ni mimi, balozi ni mimi, mwenzangu wa chumba ni hadhira. Nikajirekodi. Asubuhi ndani ya matatu nikajisikiliza, nikajipongeza, nikakatiza katikati. Hapo kwenye kukatiza katikati, wekeni alama.

Mahojiano yenyewe, ofisini kwake Upper Hill, yalikwenda vizuri mno. Alinieleza jinsi Kenya ilivyokataa kusikilizwa kwa video wakati wa korona, ilivyotaka muda zaidi, ilivyolalamikia kuwepo kwa jaji Msomali kwenye jopo. Aliniagizia pilau. Akanifungia sambusa tatu kwenye karatasi. Mvua ilipoanza akasema, "Mwanangu, utalowa. Twende nikuteremshe mjini."

Nikakaa nyuma pamoja naye, sambusa mapajani. Simu ilikuwa na asilimia mbili. Nikaomba, kwa adabu zangu zote, kama naweza kuichaji. Dereva akaipokea, akaichomeka waya, akaiweka kule mbele. Foleni ilikuwa imeganda. Mzee akateremsha kioo anunue njugu.

"Khm-khm."

Nikamgeukia mzee. Mzee alikuwa amefunga mdomo. Ananitazama.

"Khm-khm. Mwanangu, swali lako hilo, hata majaji wa The Hague halikuwapitia akilini."

Gari lilikuwa limejitwalia simu yangu na kuendelea na ile rekodi ya mazoezi, pale nilipokatiza. Ikafuata sauti nyembamba ya mtafiti (jamani, kumbe ndivyo ninavyosikika?): "Mheshimiwa, kwa nini Kenya ilisusia vikao?"

"Khm-khm. Mwanangu, nauli. Na ndiyo maana hukumu ya Oktoba 2020 ilitukuta nyumbani."

Hapo kikapasuka kicheko cha mwenzangu, kile cha fisi aliyeona harusi.

Nikarusha mkono kuikamata simu, mkanda ukanivuta nikarudi kitini. "Tafadhali zima," nikamwambia dereva. Dereva, ambaye mabega yalishaanza kutikisika, akashika kitufe akakizungusha. Mpaka nife sitajua kama alikosea au alikusudia. Sauti ikapanda. Balozi wa bandia sasa alikuwa anahutubia taifa, na kijana wa njugu pale dirishani akaacha kupima njugu.

"Muulize kama ana binti!" mwenzangu akapiga kelele ndani ya spika.

"Khm-khm. Binti ninaye, lakini wewe huna hata kitanda."

"Ameolewa," akasema balozi wa kweli, taratibu, akihesabu sarafu.

Wakuu, nimesoma kurasa ngapi kuhusu kususia? Marekani ilisusia ikiwa kwao. China ilisusia ikiwa kwao. Hakuna aliyewahi kususia akiwa amefungwa mkanda, mlango umejifunga, pembeni amekaa mlalamikaji mwenyewe. Tena usipofika, hukumu inasomwa vilevile. Yangu ikasomwa, kwa sauti yangu halisi, bila kikohozi:

"Huyu mzee nasikia ni mkono wa birika. Akinipa hata maji ya kunywa, nitamwandikia shukrani ukurasa mzima."

Ndipo dereva alipokumbuka kuchomoa waya.

Kimya. Mvua juu ya gari. Mafuta ya sambusa yamepenya karatasi, yamepenya suruali, yako pajani. Kijana wa njugu akanitazama, akazitazama sambusa, akanitazama tena.

"Khm-khm," akakohoa balozi, yule wa kweli. Kijana wa njugu akaangua kicheko akashika kioo asianguke. Alidhani ni mimi tena.

"Mwanangu," mzee akasema, "kikohozi umekipata. Lakini hukumu ilitoka tarehe 12 Oktoba 2021. Hata ukiniigiza, usinikosee mwaka."

Basi. Aliniteremsha, na sikuchagua mimi, foleni ndiyo iliyochagua, stejini pa Ambassadeur, yaani "Balozi" kwa Kifaransa. Sambusa nilizila, zilikuwa tamu, msiniulize. Nikamsimulia mwenzangu kwa siri, siri ikamaliza dakika sita. Nikamtumia msimamizi ripoti, naye akagundua fomu ya ridhaa haina sahihi ya mzee; bila sahihi, masaa mawili yote hayatumiki. Jibu lake, neno moja: "Rudi."

Nimemwandikia balozi kuomba Jumanne, nikakaa nikiitazama simu kama mgonjwa anayesubiri majibu ya damu. Yamefika asubuhi hii:

"Karibu, mwanangu. Maji ya kunywa yapo."