Waya Una Kichwa

Karakana yangu iko Bondeni, na vitanda vya maharusi nilivyotengeneza sasa vinalaza wajukuu. Kwa hiyo ofisi moja ya Moi Avenue iliponiita niwatengenezee meza ya mkutano ya watu 14, sikuuliza mengi. (Jina lao nalihifadhi. Bado wana baki yangu.)

Walitaka umeme na intaneti vitoke mezani humohumo. Nyaya zitoke sakafuni, zipande ndani ya mguu wa katikati, soketi zijifiche chini ya ubao, na mbele ya kila kiti pawe na tundu la kupitishia waya. Kijana wao wa kompyuta akanisisitizia: "Fundi, nyaya za umeme na za data usizilaze pamoja. Umeme humvuruga mwenzake." Nikamwambia aondoe shaka, kutenga wake na waume shughulini ni mila yetu. Nikapiga mifereji miwili ya mbao, huku umeme, huku data, na kizuizi katikati.

Nilipofika kwenye matundu nikaazima waya wa kompyuta ya binti yangu, nikaupima unene: milimita saba. Mimi si bahili, nikatoboa milimita 25. Nikayapiga msasa matundu yote 14 mpaka ukipitisha kidole wahisi hariri. Mvule mtupu, vanishi mikono mitatu. Hamali sita waliipandisha ngazi hadi ghorofa ya tatu wakinitaja kwa majina ambayo mamangu hakunipa.

Siku ya mkutano, saa mbili asubuhi, yule kijana akaushika waya wa kwanza, akauelekeza tunduni. Ukagoma. Akaugeuza upande. Akanitazama.

Waya una kichwa!

Plagi zetu hizi za pini tatu, zile ambazo ukizikanyaga gizani waita jina la Mungu, zina upana wa karibu sentimita tano. Nilikuwa nimeshona kanzu nikapima shingo, nikasahau kuwa itavaliwa kupitia kichwani. Waya wa data ulipita bila taabu, kichwa chake kidogo kama ukucha. Basi intaneti kila kiti, umeme hakuna, na mkutano saa tatu.

Kijana akasema tukate vichwa vya plagi. Nikasema nitapanua matundu kwa msumeno. Mama mpika chai, aliyekuwa akipanga vikombe, akatuhurumia. "Kwani lazima kitangulie kichwa? Upitisheni kwa mkia."

Kweli, ule upande mwingine, unaochomekwa kwenye chaja, ni mwembamba. Plagi ibaki chini kwenye soketi, mkia upenyezwe juu. Ila lazima mtu awe chini ya meza. Wote wawili wakanitazama mimi.

Nikaingia. Chomeka, penyeza, kijana juu avuta. Wa kwanza, wa pili, wa tano. Mle ndani mna joto kama tanuri la mkate, na vumbi langu mwenyewe la msasa puani. Kwenye wa 12 nikasikia "Karibuni, karibuni," na viatu vikaanza kuingia. Kijana, mwana mwerevu yule, akanyamaza akatoka zake.

Nikajikunja nyuma ya mguu wa katikati. Sala ikaombwa, nikaitikia amina moyoni. Bwana mmoja akavua kiatu, na soksi yake ilikuwa na tundu pana kuliko yangu yote. Wakasifu meza. Umeme upo, intaneti ipo, hongera. Kisha mtu wa hesabu akasema: "Na ile baki ya seremala, naona tungoje mwezi ujao."

Nikainuka bila kukusudia. Kichwa na mvule vikakutana, na vikombe vyote vikalia.

Mwenyekiti akainama polepole, miwani ikimning'inia puani. Tukatazamana.

"Fundi?"

"Naam, mzee."

"Wafanya nini huko?"

"Nangojea mwezi ujao."