Hoteli ya kifahari huanzia getini

Kazi yangu ni kushona mapazia. Mtu akijenga hoteli hapa Dodoma, mimi huitwa mwishoni kabisa, vigae vimeshang'arishwa na mafundi umeme wamebakiza taa za korido tu, nije na futi yangu nipime madirisha. Nimepima Area C, nimepima Kisasa, nimepima barabara ya Iringa na kule Mtumba kwenye Mji wa Serikali. Kabla ya cherehani nilikuwa mhudumu wa vyumba kwa miaka mitatu. Hoteli nimezijua zikiwa tupu zinanuka rangi, na nimezijua zimejaa wageni hadi hatupati shuka za kubadilisha.

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli kweli, baada ya uamuzi wa mwaka 1973 kusubiri miaka yote ile, hoteli zimeota kama uyoga. Nafurahi, zinanipa riziki. Lakini lipo jambo limenikaa moyoni na nataka kulisema waziwazi: nyingi kati ya hizi tunazoziita za kifahari zimejengwa kwa mabilioni, halafu zinampokea mgeni kwa kumshuku. Mtu anayeshukiwa hawezi kupumzika, hata ukimlaza kwenye godoro la malaika.

Anza getini. Njoo na gari kubwa la vioo vyeusi, geti litafunguka kabla hujapiga honi na mlinzi atapiga saluti. Njoo na bajaji uone. "Unaenda wapi? Unaonana na nani? Bajaji haiingii, shuka hapo." Mgeni aliyelipia chumba cha laki mbili na zaidi anaburuta begi lake juani, kwenye vumbi la Dodoma, mbele ya watu. Akifika mapokezi ameshasinyaa. Binti wa mapokezi anatabasamu vizuri kama alivyofundishwa, juisi baridi ipo, na kitambaa cha kujifutia uso kipo. Vyote hivyo vinakuja vimechelewa.

Simlaumu mlinzi. Mara nyingi ameletwa na kampuni ya ulinzi, sare yake ni nyingine, bosi wake ni mwingine, na siku wahudumu walipokaa darasani kufundishwa namna ya kupokea wageni yeye alikuwa getini. Aliambiwa asiruhusu watu wa ovyo, na hakuna aliyemfundisha kumtambua mtu wa ovyo, basi anamtazama kwa usafiri wake. Mchoraji wa jengo naye hakumsaidia. Ameweka geti refu la chuma lisiloonyesha ndani, kidirisha kidogo cha kuchungulia, na hakuna hata kivuli cha mtu kusimama akisubiri. Geti la namna hiyo humkagua mgeni hata kama mlinzi ni mpole.

Chumbani ni yaleyale. Kwenye vyumba vyetu ukuta unaongea. Nyuma ya mlango pana karatasi iliyowekwa plastiki: usifue nguo, usipike, usitoe taulo nje, ukipoteza funguo faini elfu hamsini. Vining'inizio vya nguo havitoki kwenye bomba lake. Mapokezi kalamu imefungwa kamba. Kila kimoja ukikitazama peke yake ni kidogo, na mwenye hoteli ana sababu, maana ameibiwa kweli. Ila mgeni anavisoma vyote kwa pamoja. Anaketi kitandani, anatazama huku na huku, na mwili wake unaelewa kabla ya akili: hapa natazamwa.

Nikiingia kupima chumba, kabla sijatoa futi, huwa nafungua dirisha nitazame nje. Ndipo moyo wangu huuma. Mji huu una mawe. Mlima Simba uko pale, vilima vya mawe vimeuzunguka mji, na jua likizama mwamba unabadilika rangi mara tatu ndani ya nusu saa. Chungulia sasa dirisha la chumba cha gharama kubwa: parkingi, jenereta, na ukuta wa jirani. Upande wenye mwamba wameweka vyoo na ngazi, kwa sababu ramani ilichukuliwa kwenye jengo la mji mwingine ikageuzwa kufuata barabara. Kisha ninaambiwa nishone pazia zito, la kuzuia kila kitu. Nashona, ndiyo kazi yangu. Ila najua ninafunika kosa.

Dirisha si pambo. Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Roger Ulrich, alichapisha matokeo ya wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao vitanda vyao vilitazama miti, nusu vilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu chache zaidi. Kama mti wa dirishani unamfikia mtu aliyechanwa tumbo, utamfikiaje mbunge aliyekaa kikaoni tangu asubuhi, au mama aliyetoka kliniki na habari asizozitaka?

Halafu upepo. Mgeni wa Dodoma hahitaji kuambiwa kuna upepo, ataamshwa nao saa nane usiku, unapiga mluzi kwenye aluminiamu ambayo fundi hakuiziba vizuri. Nimeshuhudia vyumba vya ghorofa ya nne ambavyo usiku vinalia kama filimbi. Korido za vigae vitupu nazo hufanya kila kisigino kisikike na kila mlango ugonge. Mgeni anaamka amechoka, anasema ni kitanda. Kitanda hakina kosa.

Wazee wetu Wagogo waliujua upepo huu vizuri kuliko mchoraji yeyote. Tembe lilijengwa fupi, kuta nene za udongo, paa bapa la udongo juu ya miti, na vyumba vikazunguka ua wa ndani. Ukishaingia uani upepo unapita juu ya kichwa chako, na ng'ombe, watoto na wageni wote wako mahali pamoja penye utulivu. Sisemi hoteli ijengwe kwa udongo. Nasema ule ua ni fikra, na fikra haizeeki. Hebu fikiria mgeni anatoka kwenye jua na vumbi, anapita njia fupi yenye kivuli, kisha anatokea kwenye ua uliotulia, penye mti na benchi la mawe ya hapahapa. Mabega yake yatashuka yenyewe kabla hajaambiwa karibu.

Hilo linawezekana na limeshafanyika kwingine. Huko Sri Lanka, katika miaka ya 1990, mbunifu Geoffrey Bawa alijenga hoteli ya Kandalama karibu na Dambulla, akaiambatanisha na mwamba wenyewe. Mgeni hupitia njia kama ya pangoni, halafu ghafla mbele yake linafunguka ziwa la kutengenezwa na watu na, kwa mbali, mwamba wa Sigiriya. Sijafika, nimetazama picha na michoro yake mara nyingi hadi mwanangu ananishangaa. Jiwe limeachwa liingie hadi ndani ya jengo. Sisi hapa jiwe likikutwa kwenye kiwanja tunalipasua, tukauza kokoto, kisha tukaagiza vigae vinavyofanana na jiwe.

Taa nazo. César Ritz, yule Mswisi aliyefungua hoteli yake Paris mwaka 1898, inasimuliwa kwamba alimkalisha mkewe Marie akamjaribishia rangi za vivuli vya taa moja baada ya nyingine, mpaka akapata ile inayompendezesha mwanamke usoni. Nusu ya vyumba ninavyofunga mapazia vina taa nyeupe kali katikati ya dari, kama za duka la dawa. Ukijitazama kwenye kioo usiku unadhani unaumwa. Kubadilisha balbu si gharama. Ni kwamba hakuna aliyelala chumba kile usiku mmoja kabla ya kukifungua, akajua mgeni ataonaje.

Sasa huduma, na hapa nasema kama mtu aliyevaa aproni. Mgeni anapoondoka, tunamwambiaje? "Subiri kidogo wakague chumba." Anasimama pale kaunta, begi mkononi, gari inamngoja, wakati dada wa usafi anahesabu taulo ghorofa ya tatu na kupiga simu chini. Wageni wengine wapo nyuma wanasikia. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alionyesha na wenzake kwamba mtu akikumbuka jambo alilopitia, hulipima zaidi kwa kilele chake na mwisho wake, kuliko kwa urefu wake. Basi mwisho tunaompa mgeni wetu ni huo. Amekaa siku nne vizuri, anaondoka na dakika tano za kusimama kama mtuhumiwa.

Na kwa nini dada anahesabu taulo kwa woga vile? Nilikuwa yeye, najua. Mahali nilipofanya kazi, taulo ikipotea ilikatwa kwenye mshahara wetu. Mwezi mmoja nilikatwa za watu wawili. Baada ya hapo kila mgeni mwenye begi kubwa nilimwona mwizi, na ningewezaje kumtabasamia kwa dhati? Bunge la Bajeti likianza Aprili tulifanya kazi hadi miguu inavimba. Likiisha mwishoni mwa Juni vyumba vilibaki vitupu, tukaambiwa tukae nyumbani tutaitwa. Mtu asiyejua kama mwezi ujao atakuwa na kazi, unamtaka ampe mgeni utulivu ambao yeye mwenyewe hana.

Ndiyo maana jambo la Ritz-Carlton, kampuni ya hoteli ya Marekani, lilinigusa nilipolisikia. Kwa miaka mingi wamejulikana kwa kumruhusu mfanyakazi yeyote, hata wa usafi, kutumia hadi dola 2,000 kutatua shida ya mgeni mmoja bila kuomba ruhusa ya meneja. Sitegemei mwenye hoteli wa Dodoma atoe dola 2,000. Mwambie tu mhudumu wako hivi: mgeni akilalamika chai imepoa, mpe nyingine bila kuuliza, akikosa basi, mwongezee saa mbili chumbani, taulo ikipotea ni gharama ya biashara, si ya tumbo la mwanao. Mhudumu anayeaminiwa hivyo atamwamini mgeni. Imani hushuka ngazi kwa ngazi, na kumshuku mtu nako ni hivyohivyo.

Nina mfano, nao ndio ulionifanya niandike. Mwaka jana mama yangu alikuja kutoka Mpwapwa kwa kliniki ya macho ya siku mbili. Hoteli moja hapa mjini niliyokuwa nimeishonea mapazia walikuwa wananiomba subira ya malipo yangu ya mwisho, wakaniambia, dada, chukua usiku mbili tuzipunguze kwenye deni. Nikamchukua mama. Tulifika kwa bajaji na nilikuwa nimeshajiandaa kujieleza. Mlinzi akafungua geti, bajaji ikaingia hadi mlangoni, akaja kushika begi akasema, "Shikamoo mama, poleni na jua."

Mlangoni mama alisita. Vigae viling'aa mno, akainama kuvua kandambili. Binti wa mapokezi akatoka nyuma ya kaunta. Hakumwambia usivue, hakucheka. Akamsogelea, akapiga goti kidogo, akasema, "Mbukwenyi." Mama akanyanyua uso. Kigogo, mahali kama pale! Wakaongea ya mvua, ya uwele, ya nani ameoa nani, na katikati ya maongezi mama akajikuta ameshavuka vigae akiwa na viatu vyake miguuni. Sikumbuki kochi lilikuwa la rangi gani. Asubuhi tulikunywa uji wa ulezi, na mezani palikuwa na zabibu za hapahapa Dodoma, zinazovunwa mara mbili kwa mwaka na ambazo hoteli nyingi zinaziruka ziende kununua juisi ya boksi.

Siku ya kuondoka nilimkuta mama ametandika kitanda, kimenyooka kuliko nilivyokuwa nikitandika mimi. Taulo alikuwa amezikunja zikapangwa juu ya kiti. Kaunta, kabla sijafungua mdomo, akamwambia yule binti, "Taulo ziko nne, mwanangu, nimezihesabu."

"Hatukuwa na wasiwasi, mama," akajibiwa. "Nendeni salama. Macho yapone."

Hakuna aliyepiga simu ghorofani. Tukapanda bajaji, mama akanyamaza tangu getini hadi tukakaribia Sabasaba. Ndipo akaniuliza, "Yule binti ni wa kwa nani?"